Mguu Uliosimama

Watu wa Kyebando wakitaka kumtania Zuhair humwambia kwamba ndiye fundi viatu pekee Kampala nzima asiyewahi kuona soksi ya mteja. Naye zamani alikuwa akicheka, maana ilikuwa kweli. Miguu yote aliyoishonea aliijua kwenye simu. Mteja yuko Nairobi, mwingine Juba, mwingine yuko hapo Bunga tu. Anakanyaga karatasi, mtu anamchora nyayo kwa penseli, rula inawekwa pembeni ili ukubwa usipotee, picha inapigwa na kutumwa. Shamsia, binti yake, anaipeleka kwenye duka la fotokopi, inatolewa kwa kipimo chake halisi, na baba mtu anaanza kuchonga kalibu, ule mguu wa mbao ambao kiatu hushonewa juu yake. Kiatu kikiisha kinapandishwa basi au boda. Fundi na mteja hawaonani hata siku moja.

Hakuanza hivyo. Kwao ni watu wa zamani hapa mjini. Babu wa babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi, na ukoo ukabaki na mambo matatu: dini, Kiswahili cha nyumbani na biashara ya ngozi. Baba yake, Mzee Rafiq, ndiye aliyeacha kuuza ngozi mbichi akaanza kuzishona. Alikuwa na kibanda Kamwokya, karibu na soko, na Zuhair alikulia humo kati ya harufu ya gundi na kelele za wapiga muziki wa jirani. Kibanda hicho alikirithi, na asubuhi moja kikabomolewa pamoja na vingine ili barabara ipanuliwe. Akarudi nyumbani na kalibu zake kwenye gunia, akakaa kununa kwa miezi.

Shamsia ndiye aliyemwondoa kwenye manung'uniko. Alipiga picha viatu vichache vilivyokuwa vimebaki kabatini, akaviweka mtandaoni, na kabla baba yake hajamaliza kulaani simu, simu ikaleta wateja. Zuhair akaonja raha asiyoijua. Hakuna mtu wa kubishana naye mlangoni, hakuna foleni, hakuna kukaa na mteja anayesimulia ugomvi wake na mkewe huku mguu wake uko mapajani mwako. Alianza kusema kwamba mteja mzuri ni yule wa mbali. Hapo ndipo uvivu ulipojivika jina la maendeleo, lakini nani angemwambia, wakati kazi yake ilikuwa safi na sifa zilimjaa?

Kitu kimoja tu hakukubali kukilegeza, nacho alikirithi kwa Mzee Rafiq: mguu uchorwe umesimama, uzito wote juu yake, baada ya saa za alasiri ukiwa umeshachoka na kuvimba kidogo. Mguu wa mtu aliyekaa ni mwembamba, vidole vimejikunja, kisigino hakijatanuka, na fundi akiufuata atashona kiatu kizuri kitakachomuumiza mwenyewe akianza kutembea. Shamsia alikuwa na maneno hayo tayari kwenye simu, anamtumia kila mteja: simama wima, uzito wote miguuni, mtu mwingine akuchore. Karatasi isiyotii ilirudishwa bila haya. Zuhair alikuwa mpole katika mengi, lakini kwenye hilo alikuwa na kichwa kigumu, na aliona fahari kuwa hivyo.

Basi ikaja oda ya Kisugu.

Aliyeandika alikuwa mwanamke, Akidi, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anaolewa, harusi ya kanisani, na baba yake angemshika mkono kumwingiza. Baba mwenyewe ni Komakech, mtu wa Kitgum, mbali kaskazini, polisi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande. Akidi alieleza kwamba Afande maisha yake yote alivaa buti za serikali, na buti za serikali hutolewa kwa namba iliyopo stoo, si kwa namba ya mguu. Sasa amesema kwamba siku ya kumtoa binti yake anataka kiatu kilichotengenezwa kwa ajili yake mwenyewe, cheusi, cha kamba, kisicho na madoido. Mara moja tu maishani. Zuhair alisomewa ujumbe huo mara mbili kwa sababu ulimgusa.

Karatasi ya kwanza ilipofika aliitazama akacheka. Mstari ulikuwa mwembamba, visigino vyembamba, na kwenye mguu wa kushoto, upande wa kidole gumba, penseli ilikuwa imetoka nje ikafanya kitu kama kinundu. Akaona ni mkono wa mchoraji uliotetemeka. Akachukua simu mwenyewe, akarekodi sauti yake. Alisema kwamba mguu huu umelala, yeye anataka mguu uliosimama, na akaongeza kwa utani kwamba kama Afande ni mvivu wa kuamka kitandani, basi wamwambie harusi haitamfuata huko. Shamsia alicheka. Yeye mwenyewe alicheka zaidi.

Jibu lilichelewa hadi kesho yake. Akidi aliandika, "Kale ssebo, sawa bwana, tutachora tena."

Ya pili ikaja, safari hii ya mtu aliyekaa kwenye kiti, na kinundu kile kile kipo. Zuhair akairudisha vilevile, na zote mbili akamwambia Shamsia azifute, kwa kuwa fundi hakai na karatasi ya uongo nyumbani. Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa Afande mwenyewe, sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Wewe ndiyo fundi?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Mtoto anasema umekataa mguu yangu."

"Sijaukataa, mzee. Nautaka usimame tu."

"Kusimama ni lazima?"

"Ni lazima, mzee. Bila hivyo kiatu kitakubana siku ya harusi, na utanilaumu mimi."

 Zuhair alisikia pumzi ya mzee ikipanda na kushuka kwenye simu, akadhani anafikiri.

"Sawa. Fundi amesema kusimama, tutasimama. Mimi amri sijawahi kukataa."

Zuhair alifurahi. Alimwambia Shamsia kwamba watu wa namna ile wamekwisha, ukimwambia jambo mara moja limeingia. Hakujiuliza kwa nini mtu mzima aulize kama kusimama ni lazima. Mtu yeyote anayekaa na watu ana kwa ana angeshtuka kwa swali hilo. Angeuliza, mzee vipi, hali yako? Lakini Zuhair kwa miaka hiyo alikuwa ameacha kuzungumza na watu, alikuwa anazungumza na miguu. Shamsia ndiye aliyeona kitu. Alimwambia baba yake kwamba labda mzee yule hajiwezi vizuri, si apande boda tu aende Kisugu akampime mwenyewe yaishe?

"Kisugu?" akasema Zuhair. "Mpaka ng'ambo yote ile ya mji? Na foleni?"

Ungedhani ametumwa Kitgum. Shamsia hakulishikia bango, maana alimjua baba yake.

Karatasi ya tatu ilikuwa ya mtu aliyesimama. Mguu wa kulia ulikuwa umechorwa vizuri mno, umetanuka, umekaa chini kwa uzito wake wote, mpaka Zuhair akausifu kwa sauti. Wa kushoto ulianzia kisiginoni, mstari ukapanda upande wa nje ukafika kidole cha mwisho, kisha penseli ikakimbia moja kwa moja hadi pembeni mwa karatasi. Upande wa ndani haukuchorwa kabisa. Zuhair alisema mchoraji amepiga chafya. Kudai karatasi ya nne aliona aibu, ameshawarudisha watu mara mbili, na muda wa harusi unakaribia. Akaugeuza mguu wa kulia, akapata wa kushoto. Miguu ni pacha, alisema. Akamwagiza Shamsia aandike kwamba sasa ni sawa, na mzee apewe shukrani kwa kusimama. Akidi akajibu neno moja tu: asante.

Viatu hivyo alivishona kwa moyo wote. Alichagua ngozi ya ndama aliyokuwa ameiweka kwa muda mrefu bila kujua anamwekea nani. Bitana aliweka laini, akaongeza tabaka jembamba la ngozi ya mbuzi chini ya unyayo, akisema mguu uliotaabika na buti upate pahali pa kupumzika. Soli aliishona kwa mkono, uzi aliupaka nta mwenyewe, mshono kwa mshono, na kila akivuta uzi alimwona mzee yule asiyemjua akiingia kanisani kwa mwendo wa gwaride, binti yake mkononi. Vilipokuwa vimekwisha alivitazama akasema hivi sivipandishi boda. Nitavipeleka mwenyewe, nione vikivaliwa.

Palikuwa na sababu nyingine. Akidi alikuwa amenyamaza. Shamsia aliandika kwamba viatu viko tayari, hakujibiwa. Alipiga, simu imezimwa. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hii ilikuwa Alhamisi. Baada ya sala ya adhuhuri Zuhair alivaa kofia safi, akachukua viatu na mfuko mdogo wa zana, ili mzee akibanwa mahali avilegeze papo hapo, akapanda boda.

Nyumba haikumsumbua kuipata. Aliuliza kwa Afande Komakech, akaonyeshwa hema. Hema lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wanamenya matoke nyuma ya nyumba na moshi unapanda. Moyo ukamtulia. Kumbe wako kwenye maandalizi, ndiyo maana simu haishikwi. Getini alisimama kijana mrefu mwenye mabega ya kijeshi. Zuhair akamnyooshea mkono akitabasamu.

"Hongereni sana," alisema.

Yule akamtazama. "Hongera ya nini, mzee?"

"Ya harusi."

"Harusi hakuna. Baba amekufa."

Hema la harusi na hema la msiba Kampala ni lile lile, hukodiwa kwa mtu yule yule. Zuhair alijua hilo kama kila mtu anavyojua. Alibaki ameshika mkono wa yule kijana. Akaona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na bado hakuwa amejua kitu.

Kijana huyo aliitwa Kidega, mtoto wa kwanza wa marehemu. Alipoviona viatu alielewa. Alimweleza taratibu kwamba mwili umeletwa asubuhi kutoka hospitali, uko sebuleni, na wataondoka nao kwenda Kitgum jua likipungua. Mzee amevalishwa suti yake ya harusi. Miguuni bado hana kitu. Walikuwa wameamua kumvika buti zake za zamani, kwa sababu simu ya Akidi ilizima hospitalini na hakuna aliyekumbuka namba ya fundi. Mzee, alisema Kidega, aliviulizia viatu mpaka siku ya mwisho.

Akidi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza. Hakumjua Zuhair kwa uso. Alimjua alipotoa pole. Ile sauti alikuwa ameisikia kwenye simu.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Akamsimulia bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Baba yake alikuwa na kansa, ilianzia kwenye tezi dume ikaingia mifupani. Daktari alikuwa amekataza asisimame, hata kwenda chooni alibebwa. Kanisani angeingizwa kwa kiti cha magurudumu, kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini aliwakataza wasimwambie mtu yeyote wa nje, na hasa asiambiwe fundi, kwa sababu Afande hawezi kutangazwa kwa mshona viatu kwamba hana miguu. Fundi alipotaka mguu uliosimama, mzee alitoa amri anyanyuliwe. Walimwomba, akafoka. Kidega akamshika kwapa moja, jirani yao Okinyi akamshika la pili, na Akidi akapiga magoti na penseli. Mguu wa kulia walimaliza. Wa kushoto alikuwa amefika kidole cha mwisho wakati goti lilipokunjika na mzee akawateleza mikononi. Nyonga ilivunjika. Hospitali alikopelekwa siku ile hakutoka tena.

"Mimi sikutaka kutuma ile karatasi," alisema Akidi. "Yeye akasema nitume. Akasema kazi yake ya kusimama imeisha, sasa ni kazi ya fundi."

Zuhair alikumbuka chafya. Alikumbuka utani wake kuhusu mvivu wa kuamka kitandani, na kwamba bila shaka mzee aliusikiliza akiwa kitandani, sauti ikiwa wazi, watoto wake wamemzunguka. Alitamani mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana, walimpa kiti.

Kidega alirudi na wembe. Wahudumu wa mochwari walikuwa wamemwambia kwamba miguu ya maiti huvimba, kiatu hakiingii ila ukikikata nyuma, na hakuna atakayeona. Alichukua kiatu cha kulia akakigeuza, akitafuta pa kupitisha wembe.

"Usikate," alisema Zuhair. "Nipe mimi."

Kwao mtu huzikwa kwa sanda, hana kiatu. Alikuwa ameosha maiti, baba yake mzazi alimwosha kwa mikono yake, lakini kumvika maiti kiatu hakuwahi hata kuwaza. Alipiga magoti upande wa miguuni wa jeneza, akatoa msharasi, sindano yake nene ya ngozi, akafumua mshono wa nyuma aliokuwa ameushona wiki ile ile, uzi kwa uzi, ngozi isichanike. Kiatu cha kulia kikafunguka, kikaingia, kikakaa. Akakishona tena pale pale mguuni.

Kisha akashika mguu wa kushoto, akaupapasa.

Ubavuni, kwenye shina la kidole gumba, palikuwa na nundu la mfupa, gumu, la miaka mingi, lililochongwa na buti zisizo za mguu ule. Mguu wa kushoto wa Komakech haukuwa pacha wa kulia hata kidogo. Kiatu alichokuwa ameshona, kile chembamba kizuri, hakikuwa chake. Hata mzee angekuwa hai kingemuua kwa maumivu. Na nundu hilo Zuhair alilijua, alikuwa ameliona mara mbili: kwenye karatasi ya mguu uliolala na kwenye karatasi ya mguu uliokaa, zile alizocheka akasema ni mkono unaotetemeka, zile alizoamuru zifutwe. Mkono haukuwa umetetemeka. Mtoto alikuwa amechora mguu wa baba yake kama ulivyo. Karatasi ya uongo ilikuwa ile ya tatu, na ndiyo iliyomuua mtu.

 Alifumua nyuma, akafumua na ubavu, akaupitisha mguu, akaziba uwazi kwa kipande cha bitana na kukishona kwa mishono mikubwa upande wa ndani, ambako miguu miwili ikilazwa pamoja hapaonekani. Akapaka rangi nyeusi juu yake. Ukitazama kwa mbali, Afande alikuwa amevaa viatu vipya vilivyomkaa sawasawa. Wazee waliokuwa sebuleni walivisifu. Mmoja alisema hata mawaziri hawana viatu vile.

Akidi alisogea akafunga kamba yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Alipomaliza viatu vyote viwili hakuinuka. Alimtazama Zuhair.

"Fundi, nataka kukuuliza. Ile ya kusimama. Ilisaidia?"

Kidega naye alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza, mikono yake mikubwa imening'inia. Hiyo ndiyo mikono iliyoteleza. Zuhair aliona kwamba watu hawa wawili wanangoja jibu lake na wataondoka nalo mpaka Kitgum, na watakaa nalo.

"Ilisaidia sana, mama," alisema. "Bila ile nisingeweza kuvishona hivi."

Akidi akaitikia kwa kichwa. Kidega akatoka nje.

Walimtaka angoje chakula, akasema ana safari ndefu. Akapanda boda. Hakukuwa na foleni ya kutisha, walipita Kabalagala, wakazunguka mjini, wakapanda, na kabla hajajipanga na yaliyomo kifuani dereva akasimama na kumwambia amefika. Zuhair alitazama huku na huku akidhani amekosea njia. Ilikuwa Kyebando kweli, chapati zinakaangwa mahali pale pale, na msikitini ndiyo kwanza wanaadhini alasiri.

Shamsia alikuwa kizingitini na simu mkononi. "Umesharudi, baba? Mbona umewahi?"

"Si mbali," alisema Zuhair.

Akaketi chini hapo hapo mlangoni, mfuko wa zana mapajani, na Shamsia, ambaye hakuwahi kumwona baba yake akilia hata siku kibanda kilipobomolewa, alimwona akilia. Alimuuliza amefikwa na nini, mzee wa Kisugu amevikataa viatu?

"Si mbali kabisa," alisema tena.